Robo ya Kidonge

Asifiwe alikaa kwenye kigoda, akapindua sahani ya bati juu ya mapaja yake, akaweka kidonge katikati ya kitako cha sahani. Kilikuwa cha njano, kidogo kuliko punje ya mahindi. Kukata nusu si kazi, maana kina mstari wake. Balaa ni robo. Alishika wembe, akabana pumzi, akaukandamiza kwenye ile nusu. Nusu ikaruka, ikapasuka vipande vitatu na vumbi, na kipande kimoja kikaangukia sakafuni.

Alipiga magoti akakitafuta kwenye udongo mpaka akakipata, akakipuliza. Lile vumbi la kwenye sahani akaliokota kwa ncha ya kidole alichokilowesha mate, akalilamba, akameza na kipande kimoja juu yake. Kama ile ilikuwa robo kweli au pungufu, Mungu ndiye ajuaye. Mwili wake ungemwambia kabla ya saa sita mchana.

"Ugonile, mama Rut?" Marta wa jirani alimsalimu kutoka njiani, bila kusimama.

Watu wa huku husalimiana asubuhi kwa kuulizana kama wamelala. Ni salamu tu, hakuna anayengoja jibu la kweli. Asifiwe aliitikia kwamba amelala, ndaga, yaani asante, na wewe je. Hakuwa amelala tangu juzi. Alitoka mlangoni ili waongee kidogo, lakini Marta alikwisha kupita, jembe begani, anaongeza mwendo.

Zamani Marta alikuwa akiingia mpaka jikoni bila hodi. Siku hizi anasalimia akiwa mbali.

Mambo haya yalianza miaka sita nyuma, mume wake Samsoni alipozama ziwani akitokea upande wa Malawi na mizigo yake ya sabuni. Maiti haikupatikana. Asifiwe akawa moyo unamwenda mbio mchana kutwa, pumzi inakatika, anasikia maji masikioni. Alikwenda zahanati ya kijiji. Mganga wake, Bryson, kijana aliyeletwa na serikali kutoka mkoa mwingine, alimsikiliza kwa dakika mbili, akamhesabia vidonge vya njano vya mwezi mzima. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Akaandika kwenye daftari la wagonjwa. Mwezi uliofuata akampa tena, na uliofuata tena. Boksi la dawa la serikali lilikuja kila mwezi na vidonge hivyo vimo, na kilichomo kwenye boksi lazima kigawiwe. Hakuna aliyemwambia avimeze mpaka lini. Na nani angeuliza? Vilikuwa vya bure, na vilifanya kazi. Asifiwe alilala, akalima, akamsomesha binti yake Rut mpaka akaolewa Karonga.

Halafu zikaja siku za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Malori kutoka Dar es Salaam yakaanza kufuata mchele wa Kyela mpaka majarubani, na shamba ambalo jana lilikuwa tope la mjane likawa kitu cha kutazamwa mara mbili. Mke wa Bryson naye akafungua duka la dawa ng'ambo ya barabara, likitazamana na zahanati. Tangu mwezi ule ule, boksi la serikali likawa halitoshi. Haya mambo hutokea.

Bryson alimwambia vimeisha. Asifiwe akauliza afanye nini.

"Acha tu, mama. Hivi ni vidonge, si ugali."

Akaacha, kama alivyoambiwa. Siku ya pili mikono ilianza kutetemeka. Siku ya nne jasho lilimtoka kama mtu wa malaria na mwanga wa jua ulimchoma macho. Siku ya sita alikuwa anapalilia mpunga na wanawake wenzake, ardhi ikamkimbia chini ya miguu, akaanguka kwenye maji ya jaruba, akajinyonganyonga, ulimi kati ya meno. Walimtoa na tope mdomoni. Alipofumbua macho aliwaona wamesimama mbali kidogo, wameshikana mikono, na hakuna aliyemgusa tena mpaka alipoinuka mwenyewe.

Jioni ile kijiji kizima kilijua. Na aliyejua vizuri kuliko wote ni Lutengano, mdogo wa marehemu Samsoni. Lutengano alikuwa amekuja mwaka ule wa msiba kumrithi shemeji yake kama mila inavyotaka, na Asifiwe alikataa mbele za watu. Lutengano alimeza aibu ile miaka sita. Sasa akaenda baraza la kata, akasema shemeji yake amechanganyikiwa, anaanguka mashambani, na shamba la ukoo haliwezi kukaa mikononi mwa mwendawazimu. Baraza likapokea, likapanga siku: Ijumaa, wiki ya kwanza ya kuvuna.

Asifiwe hakuwa na kitu kingine. Kama shamba likienda, na yeye anakwenda, kwa sababu nyumba ilikuwa ndani ya shamba hilo hilo.

Alipanda gari mpaka hospitali, na huko akakutana na muuguzi mmoja mtu mzima, Generosa, mtu wa Bukoba. Huyu alifunga mlango kwanza. Alimuuliza amemeza kwa miaka mingapi, akaguna, akachukua vidonge hamsini akavifunga kwenye karatasi ya gazeti.

"Usiache ghafla tena, unasikia, mama? Ungekufa pale. Utapunguza. Wiki mbili kimoja na nusu kwa siku, wiki mbili kimoja, wiki mbili nusu, wiki mbili robo. Kisha basi. Utaumwa. Moyo utakudanganya kwamba unakufa, na wewe hufi."

"Mimi nina wazimu, sista?"

"Huna wazimu. Wamekuzoesha dawa, kisha wamekunyang'anya."

Maneno hayo Asifiwe aliyabeba mpaka nyumbani kama mtu aliyepewa maji ya kunywa. Alipiga hesabu kwa vidole: wiki nane zingeisha Jumanne, na baraza ni Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Mwezi mmoja baadaye alirudi hospitali kumshukuru, akaambiwa sista Generosa amehamishiwa Chunya.

Basi akabaki na wembe wake na sahani yake.

Siku ile ya robo iliyopasuka alifika shambani kabla jua halijatoka sawasawa. Mpunga ulikuwa umeinamisha vichwa, na kwelea kwelea hawana huruma na mpunga wa namna hiyo. Wakishuka, wanaondoka na jaruba zima. Alipanda kwenye dungu, kile kijukwaa cha miti cha kuamia ndege, akashika kamba. Kamba zilikwenda pande zote nne za shamba, zimefungwa makopo matupu yenye kokoto ndani. Ukivuta kamba, makopo yanapiga kelele na ndege wanakimbia.

Mtu mwenye masikio ya kawaida huzoea. Asifiwe hakuwa na masikio ya kawaida tena. Tangu aingie kwenye nusu, sauti zilikuwa zimeota meno. Jogoo akiwika alishtuka, mlango ukibamizwa alilia machozi. Na sasa kazi yake kutwa ilikuwa kupiga makopo. Kila alipovuta kamba aliona ni kichwa chake kinachopigwa. Alijaribu kuziba masikio kwa pamba, ndege wakashuka bila yeye kuwasikia. Akaitoa pamba. Alivuta, akauma kanga, akavuta.

Ilipofika saa tano, ile robo ilimwambia kwamba haikuwa robo. Ngozi ilianza kutambaa, kama ana siafu chini ya gauni, akajikuna mpaka mikono ikatoa damu, na siafu hakuna. Mdomo ulikuwa na ladha ya msumari. Kisha ukaja ule woga wenyewe, woga usio na kitu unachokiogopa, ukamkalia kifuani. Mfukoni alikuwa na vile vipande vilivyobaki, vya kesho na keshokutwa. Angevimeza vyote pale pale angepona kwa siku moja. Alivitoa, akavitazama kiganjani, mkono ukitetemeka hata kipande kimoja kikaruka kwenye mpunga kikapotea. Akavirudisha. Moyo unanidanganya, alisema kwa sauti. Alisema mara nyingi siku ile, akiwaambia ndege, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Marta alikuwa kwenye dungu lake ng'ambo ya mfereji, hatua mia moja hivi, akimsikia anaongea peke yake. Na hilo nalo, bila shaka, lilifika kijijini.

Kwaya ya kanisani ilimtumia ujumbe apumzike kwanza. Kwenye msiba wa jirani mmoja alipewa kikombe chake peke yake. Hakuna aliyemtukana. Walimwogopa kwa adabu kabisa, na ilimuuma kuliko kutukanwa.

Lakini siku zilikwenda. Robo ya mwisho aliimeza Jumanne asubuhi, akaosha sahani, akautupa wembe chooni. Jumatano alilala saa nne mfululizo. Alhamisi alilala mpaka jogoo, na jogoo alipowika alimsikia ni jogoo tu. Alikaa kitandani akanyoosha mikono mbele yake, akaitazama muda mrefu. Imetulia. Alilia kwa furaha, peke yake, kisha Marta alipopita na kuuliza kama amelala, aliitikia kwa sauti kubwa kwamba amelala. Marta hakujua kwamba siku hiyo amejibiwa ukweli.

Ijumaa alivaa gauni la kanisani, akaenda ofisi ya kata. Nani angemwamia ndege? Alimwomba Marta, Marta akasema ana mgeni. Akaliacha dungu tupu.

Wajumbe walikuwa watano, mwenyekiti wao mzee Hezroni, aliyewahi kuwa mwalimu. Lutengano alizungumza kwanza, kwa upole, akimwita shemeji yangu mpendwa. Alisema hataki mali. Anataka shemeji atunzwe. Kisha Asifiwe akasimama, mikono ameiweka mbele wote waione. Alieleza tangu siku Samsoni alipozama: vidonge, kuisha kwake, kuanguka, sista Generosa, wiki nane. Hakubabaika popote. Alisema, "Sasa simezi kitu, wazee wangu. Nimepona. Niangalieni."

Walimwangalia. Mjumbe mmoja aliitikia kwa kichwa, na kwa muda mfupi Asifiwe aliamini.

Mwenyekiti akamwita Bryson. Alikuja na daftari la wagonjwa la zahanati, miaka sita ndani ya magamba mawili. Gunia la mchele lilikuwa limeonekana likishushwa kwa mke wake wiki iliyotangulia, kutoka kwa Lutengano. Kila mtu aliliona na hakuna aliyelitaja. Bryson alifungua daftari, akaonyesha kwa kidole. Siku ile ya kwanza, kwenye nafasi ya ugonjwa, badala ya kuandika habari ndefu ya mjane na maji na moyo, alikuwa ameandika neno moja fupi: akili. Na kila mwezi akanakili la mwezi uliopita.

"Mara sabini na moja," mzee Hezroni alisema baada ya kuhesabu. "Mara sabini na moja umeandikwa mgonjwa wa akili, mama Rut, na dawa ukapokea. Ulipokea, hukupokea?"

"Nilipokea, mzee."

"Daktari, mgonjwa wa namna hii anaruhusiwa kuacha dawa?"

"Haruhusiwi. Ndiyo ile akaanguka."

"Ni wewe uliyeniambia niache," Asifiwe alisema. "Ulisema vimeisha."

Bryson aliuliza shahidi ni nani. Asifiwe alisema sista Generosa anajua. Wakamuuliza yuko wapi, akasema Chunya. Mwenyekiti akaandika: hana shahidi. Waliteta kidogo, vichwa pamoja, kisha uamuzi ukasomwa. Mama huyu hanyang'anywi shamba, baraza halimwonei mtu. Shamba litasimamiwa na shemeji yake, pamoja na mavuno ya mwaka huu, mpaka mganga athibitishe kwa maandishi kwamba mgonjwa ametumia dawa zake mwaka mzima bila kukosa. Akikataa dawa, hapo ndipo itajulikana kwamba akili haijarudi.

Asifiwe aliuliza, taratibu kabisa, kama kuna namna nyingine ya kuonyesha kwamba mtu amepona. Mzee Hezroni alimtazama kwa huruma ya kweli, akamuuliza: "Mtu anaponaje bila dawa?"

Bryson alikuwa amekuja na kopo. Jipya, halijafunguliwa, lina mhuri wa serikali na maandishi kwamba haliuzwi. Alilifungua mbele yao, akatoa kidonge kimoja cha njano. Kilikuwa kizima. Karani akaleta glasi ya maji iliyojaa hadi ukingoni, na fomu ya kusaini kwamba mgonjwa amemeza mbele ya baraza.

Asifiwe alipokea kidonge kwa kushoto na glasi kwa kulia. Wajumbe wote waliinama mbele kutazama. Mikono haikutikisika hata kidogo, na maji ya glasi hayakumwagika hata tone.

"Mmeona?" Lutengano alisema kwa sauti ya chini. "Amekishika tu, ametulia."

Wajumbe wakaguna kukubali. Mwenyekiti alimsogezea kalamu, akangoja. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi, na kutoka upande wa shambani kwake hapakusikika kopo hata moja. Kundi la kwelea kwelea lilipita juu ya paa, likazunguka mara moja, likaanza kushuka.