Shusha Bamba

Tangu mume wangu achaguliwe kuendesha boti ya mashindano na mdogo wake abaki fundi, machale yananicheza. Shemeji alikitaka kile kiti. Anasema hana kinyongo, lakini mtu asiye na kinyongo hana haja ya kukukumbusha kila mkionana.

Boti yenyewe haina panga la nje la kuisukuma. Pampu inavuta maji chini na kuyatema nyuma kwa nguvu. Chini ya pampu kuna bamba la chuma. Likikaa vizuri pua inatulia, likikaa vibaya boti inadunda, na kwa mwendo ule kudunda ni kupinduka. Nayajua haya kwa sababu nyumbani kwetu hakuna mlo unaoliwa bila kutajwa bamba.

Siku ya majaribio nilipita karakana mchana, nikamkuta shemeji kalala chini ya boti anapiga mluzi. Bamba limeegemezwa ukutani, bolti zake ziko kwenye kopo la rangi.

"Shemeji, hii boti si inaingia majini leo?"

"Kaka akifika tu."

"Bila bamba?"

"Ndivyo alivyotaka mwenyewe."

Mimi si mtu wa kumung'unya maneno, nikamwambia peupe kwamba anataka kumuua ndugu yake akalie kiti chake. Mluzi ukakatika. Akatoka chini ya boti akanitazama.

Mume wangu akaingia na kofia yake ngumu mkononi. Alipoliona bamba ukutani, uso ukambadilika.

"Nani kalitoa?"

"Ulisema shusha bamba. Nikakuuliza, lote? Ukasema lote."

"Lote, mbele na nyuma! Literemke kidogo, pua itulie."

"Kaka, tukiambiwa shusha injini huwa tunafanyaje?"

Injini ikishushwa inatolewa yote, inawekwa chini. Hilo hata mimi nalijua. Mume wangu akacheka mpaka akashika mbavu. "Nakuamini kuliko ninavyojiamini," akamwambia mdogo wake. "Huyu shemeji yako ana mdomo tu, mzoee." Aibu ilinishika. Nikamwomba shemeji radhi, naye akasema yamekwisha.

Akalirudisha bamba, akapachika vipande vyembamba vya chuma juu yake ili literemke, akakaza bolti zote mbele yetu. Kisha akaenda bombani kunawa.

Mume wangu akachungulia mlangoni. Akaokota spana, akapiga goti, akaanza kuzikaza upya, moja baada ya nyingine. Nilijua napaswa kumwambia aache. Sikumwambia, maana nilitaka azimalize.

Alipofika ya mwisho, shemeji alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono inachuruzika maji.

"Umeikuta yoyote imelegea?"

"Hapana," akasema mume wangu, bila kugeuka.

Shemeji akavua koti la kazi, akalitundika msumarini, akatoka.