Kitanda Baadaye

"Toa jina yangu, tata. Tia yako," Mama Mbombo alisema, akimsogezea mkurugenzi mtaala aliouandika upya.

Mkurugenzi Kalumba alitazama dirishani kwanza. Huko nje, barabara za mtaa wa Manika zilijaa vijana wanaoimba kwamba Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, warudi kwao. Ilikuwa 1993. Kwao wapi? Mama Mbombo alizaliwa papa hapa Kolwezi, na nusu ya wauguzi wa mji aliwafundisha yeye.

Mtaala wa zamani wa shule yao ya wauguzi uliandikwa enzi za neema. Mwaka wa kwanza mzima mwanafunzi hutandika vitanda. Mjamzito hamgusi mpaka mwaka wa tatu. Sasa wanafunzi wa mwaka wa tatu, karibu wote Wakasai, walikuwa wamefukuzwa, na wakunga pamoja nao. Walibaki wasichana wa vitanda. Na stesheni, ambako wafukuzwa walilala chini wakingoja treni, hapakuwa na kitanda hata kimoja. Wajawazito walikuwepo tele, na mmoja wao alikuwa Kanku, binti wa Mbombo, aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri.

Kwa hiyo Mbombo aliupindua mtaala: kwanza kupokea mtoto na kuzuia damu, kitanda baadaye. Bila saini ya mkurugenzi, walinzi wa stesheni wasingewapitisha wanafunzi.

"Bakijua ni kazi ya Mukasai, batanichoma na nyumba."

"Ndiyo nasema, toa jina yangu."

Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Kalumba alichana jalada lenye jina la Mbombo, akatia jina lake na saini, asimtazame usoni. Rafiki wa miaka yote! Mbombo alimchukia, akanyakua karatasi, akatoka mbio.

Stesheni alimpigisha magoti Mwenze, mmoja wa wasichana wa vitanda, mwenyeji wa Sandoa, mbele ya Kanku. Wenzake wakazunguka. Kisha Mbombo akaweka mikono nyuma. Ndiyo desturi yake darasani: mwanafunzi akishaanza kazi, mwalimu hagusi.

"Mi naogopa, mama. Ni mutoto yako."

"Ogopa tu, lakini mikono itumike."

"Mama, unishike!" Kanku alipiga kelele.

Moyo ulimpasuka Mbombo. Angeweza kumzalisha mwenyewe, tena kwa urahisi. Lakini treni ikishamchukua yeye pia, nani angewazalisha watakaobaki? Akaminya vidole mgongoni mpaka vikafa ganzi.

Mtoto alitoka, akalia. Damu ikafuata, ikazidi.

"Sugua tumbo, chini ya kitovu," alisema. "Na nguvu. Usiache!"

Mwenze alisugua huku analia, hata damu ikapungua, na Kanku akaomba maji.

Treni ilikuja jioni, watu wakapandana kama magunia. Mbombo akajibana mlangoni mwa behewa, mjukuu kifuani, Kanku akimwegemea. Pale chini mwanamke mwingine alikuwa ameanguka kwa uchungu. Mwenze alimsukuma mbele mwenzake, Shekina. Shekina akageuka, akimtafuta wa kumsaidia.

Mwenze alirudi nyuma kidogo, akaweka mikono mgongoni.