Bi Harusi Asiye na Hina

Eda ya Ijja ilikuwa inaisha kesho yake, nasi majirani tukajaa kwa mama mkwe wake, Lalla Zhor, kama ada ya mtaa wetu wa Fes: chai ya nanaa, biskuti za lozi na masikio wazi. Kila mmoja alitaka kujua: mjane atabaki hapa, au atarudi kwao milimani Tafraout?

Mwenyewe aliegemea ukuta, nguo nyeupe, rangi ya eda kwetu, mpaka viatu, kachoka hata kope zilimlemea. Juu yake ilitundikwa picha ya mwisho aliyoichora marehemu mumewe, Abdelhaq: Tafraout baridi inapokwisha, milozi imechanua kabla ya majani, na katikati mwanamke wa nguo nyeupe.

"Bi harusi huyo," akasema wifi yake, Batoul. "Kaka kamchora siku aliyomchukua kwao. Maana yake abaki nyumba hii."

"Furaha tupu," nikadakia. "Si mnaona maua?"

"Furaha yako wewe iko kwenye biskuti!" Batoul akanirushia.

Watu wakacheka. Ijja hakucheka.

"Wifi, tazama mikono yake hapo pichani."

Tukasogea. Mikono mitupu, haina hata nukta.

"Bi harusi gani hana hina?" akauliza, sauti imekauka. "Na maua yenyewe yanapukutika. Chini yamejaa kuliko mtini."

"Alikuwa mgonjwa, bwana. Hakuimaliza," Batoul akajibu.

Lalla Zhor akainuka kwa kujikongoja, akaweka kidole kwenye pindo la nguo ile ya pichani. Palichorwa kiraka kidogo.

"Hiki nimekishona mimi. Hii ndiyo nguo niliyokalia eda ya baba yenu. Abdelhaq aliniomba nimpe, nikadhani anataka tambara la kufutia brashi."

Hata mimi nikairudisha biskuti sahanini. Mgonjwa yule alimvisha mkewe ujane pichani, yeye mwenyewe akiwa bado hai, akamsimamisha kwao.

"Kwa hiyo unamwacha aende, mama?" Batoul akauliza.

"Mwanangu alikuwa akiniaga, mimi namsifia maua." Akaketi kwa uzito. "Mfungieni nguo zake. Aende kwao."

Tukamgeukia Ijja tumpe heko. Alishalala, bilauri ya chai imeinama mkononi. Lalla Zhor akaichomoa polepole.

"Haya, kila mtu kwake," akanong'ona. "Tangu msiba, mtoto huyu hajalala."