Gari Litakufa Mwishoni

Nadège, msichana aliyetumwa na watu wa filamu, alisema wazi, mbele ya majirani wawili, kwamba gari litakufa mwishoni. Zubeda alicheka mpaka akashika mbavu.

"Gari iyi? Mutoto wangu, gari iyi inakufaka kila siku. Ikufe tu, tumezoea."

Akatia sahihi chini ya karatasi ya mkataba ya Kifaransa, sahihi nzuri ya mtu aliyefika darasa la sita, na mambo yakawa yamekwisha. Baadaye hakuna aliyeweza kusema kwamba alidanganywa. Hilo ndilo lililomuuma Zubeda kuliko yote, kwamba hakudanganywa hata kidogo.

Maana mtu wa mji wetu wa Baraka akikuambia gari limekufa, hakuombi rambirambi, anakuomba ushuke usukume. Kwetu gari hufa, mota ya mtumbwi hufa katikati ya ziwa, redio hufa, na vyote huamka fundi akivigusa. Pikapu ya marehemu Haruna, mume wa Zubeda, gari la zamani la Kifaransa ambalo watu waliliita bashee kwa sababu ya turubai lake, ilikufa mara nyingi sana kati ya Baraka na Kilembwe, hata abiria wakawa wanazijua kona za njia ile kwa vifo vyake.

Mmoja wa abiria hao alikuwa Anatole, enzi hizo mwanafunzi, sasa mwalimu mstaafu. Ndiye aliyeandika riwaya kuhusu safari ya siku nne ndani ya bashee, na kwa kweli bashee ndiyo mhusika anayependeza kuliko wote mle, kuliko hata yule kijana anayefanana sana na Anatole. Sentensi ya mwisho inasema: "Kisha gari likafa, na hakuna aliyekuwa na haraka tena." Waliokisoma kitabu huku Baraka walielewa. Abiria wamekaa kando ya njia wanachoma mahindi, dereva amekwenda kutafuta piesi, kipuri cha kubadilisha, na watu walioanza safari wakinuniana sasa wanazungumza. Lakini kitabu kikaja kutafsiriwa kwa Kifaransa na mtu wa mbali, aliyelijua neno kufa vizuri sana, kama linavyoelezwa kwenye kamusi. Watu wa filamu, kule Kinshasa, walikisoma kwa Kifaransa.

Walipokuja waliitaka bashee yenyewe, si mfano wake. Ilikuwa imekaa miaka saba kwenye banda nyuma ya nyumba ya Zubeda, bila betri. Haruna alifia ng'ambo ya ziwa, kambini, miaka ya vita, na Zubeda aliporudi kulitafuta kaburi alikuta kambi imefungwa na majani yameota kila mahali. Basi kila Ijumaa alipangusa usukani, akakaa kiti cha abiria, akamsimulia mumewe habari za wiki. Aliyetaka kucheka alicheka. Watu wa filamu walipoahidi kuifufua injini, hakuwaomba kitu kingine. Alitaka kuisikia ikiunguruma tena, arudishiwe gari lake, basi.

Na kweli waliifufua. Fundi Willy alihangaika nayo wiki tatu, akaagiza piesi Uvira na Bujumbura. Kisha wakaipaka rangi nyekundu, kwa sababu kitabuni ni nyekundu, ingawa tangu ifike Baraka ilikuwa ya buluu. Anatole alikuwa ameona buluu haina utamu kwenye kuandika, na sasa gari lilipaswa kumtii Anatole. Zubeda alinuna siku mbili. Siku ya tatu injini ikawaka, akaisamehe rangi na waliopaka. Alilia mbele za watu bila kuona haya. Willy alimpakia kiti cha mbele wakaenda mpaka sokoni na kurudi, na wiki ile yote Zubeda alikuwa mtu mwenye furaha.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya kazi alipanda na watu wa filamu mpaka kwenye mteremko wa njia ya Fizi, amebeba bugali na samaki wa mikeke wa kukaanga kwa ajili ya wote. Alikuta ukingo wa njia umeondolewa mawe na majani yamefyekwa kuelekea korongoni. Kamera tatu zilikuwa zimeelekezwa chini, kusikokuwa na njia. Akamuuliza Willy ni kwa nini. Willy alitazama mikono yake mwenyewe, na moyo wa Zubeda ukashtuka kabla akili yake haijafika.

Nadège aliikunjua karatasi. Hakuwa msichana mbaya.

"Mama, mi nilikuambia. Nilisema itakufa."

"Ulisema itakufa. Haukusema mutaiua."

Nadège akaenda kwa mwongozaji wa filamu, aliyekuwa amekaa chini ya mwavuli, akarudi na jibu la adabu kabisa kwamba kitabu ndivyo kinavyokwisha. Kitabu! Zubeda akamgeukia Anatole, mgeni wa heshima, aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki amevaa kofia yenye jina la filamu, akamwambia aseme, kwani kitabu ni chake. Anatole aliinuka na kueleza kwa Kifaransa chake cha darasani kwamba gari lake linaharibika tu. Mwongozaji alimsikiliza akitabasamu, kisha akampa kitabu kimefunguliwa ukurasa wa mwisho, akasema ukurasa huo ulimtoa machozi. Anatole aliusoma, akakifunga kitabu, akarudi kwa Zubeda pole pole.

"Kwa Kifaransa iko hivyo tangu miaka tano, mama, gari inakufa kufa ya mutu. Watu ba mbali balinisifu sana kwa ile kifo. Mi nikanyamaza."

Zubeda hakumtukana. Alikaa kwenye jiwe, chakula kikiwa bado kimefunikwa, akawatazama wakijiandaa. Alikuwa na hasira na karatasi na Kifaransa na mwalimu, na hasira zote hizo hazikuweza kuzuia hata tairi moja.

Mpango ulikuwa Willy aendeshe mpaka karibu na ukingo, aruke, gari liende lenyewe. Bashee ikaja ikinguruma vizuri mno. Ilipofika hatua chache kabla ya ukingo ikakohoa, ikatetemeka, ikafa. Ikafa kifo chake cha siku zote, pua ikielekea bondeni. Willy aliruka kama alivyofundishwa, na kwa kuwa breki ya mkono haikushika, gari likaanza kuteleza polepole.

Wanaume waliokuwa wakishuka kutoka Fizi na magunia ya mihogo hawakusubiri kuitwa. Njia ile gari likifa, mtu hutua mzigo akashika. Sita wakaidaka bashee kwa nyuma, visigino vikachimba udongo, ikasimama. Wa kwanza alikuwa Placide, aliyelisukuma gari lile ujanani mara nyingi kuliko alivyolipanda. Zubeda aliinuka, na kwa mara ya kwanza siku ile alipumua. Imekufa, akawaza, imekwisha, wamepata mwisho wao.

Lakini watu wa filamu nao walikuwa wanakimbilia gari, na kelele zikazuka kwa lugha tatu, mmoja anasema sukumeni, mwingine anawavuta mashati wenye mihogo watoke mbele ya kamera. Placide hakumsikiliza yeyote kati yao. Gari likifa njiani, mwenye gari ndiye mwenye neno. Akageuza shingo kumtafuta Zubeda.

Zubeda alikuwa anakuja mbio, kilemba kimeanguka, akiwapigia kelele wale wenye kushika mashati.

"Muiache! Muiache gari yangu!"

Placide akasikia sauti ya mwenye gari. Akadhani mama anawaonea huruma wasiburutwe na gari. Akawaambia wenzake, wakaachia wote kwa pamoja, kama watu waliozoea kazi hiyo.

Bashee ilishuka taratibu mwanzoni, kisha haikuwa taratibu tena. Zubeda alifumba macho, lakini masikio hayafumbiki, akasikia kila jiwe. Kamera zote tatu zilikuwa zinafanya kazi. Chini ya mwavuli watu walipiga makofi na kukumbatiana, kwa sababu picha haikuhitaji kurudiwa.

Placide alisimama palepale na viganja vyake wazi, amepigwa butwaa, anatazama bondeni kisha anamtazama Zubeda.

"Ni we ulisema tuiache, mama."

Na kweli Zubeda alikuwa amesema hivyo.