Gumba la Mjomba

Hebu weka kando unachofanya, maana hili hutaliamini: gumba la mtu mmoja limesambaa kwenye milango ya mji mzima, na mwenyewe bado analo mkononi.

Mwenyewe ni mjomba wake Cheche. Anayeyusha sufuria zilizotoboka, anamimina vishikio vya milango kwenye kalibu za mchanga, kimoja kimoja. Kabla ya kumimina hubonyeza gumba kwenye mchanga, na alumini ikipoa, kinundu kinabaki chini ya kishikio. Ndiyo sahihi yake. Cheche alilelewa hapohapo kwenye moshi, mpaka akapata kazi kiwandani.

Kiwandani ni habari nyingine. Mashine inaisukuma alumini ya moto kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, kalibu inafunguka, kishikio hicho. Chembamba, chepesi, laini kama shavu la mtoto, hakidai tupa wala msasa. Kinachofuata ni pacha wake, na kalibu ni ileile, haivunjwi kama ya mchanga. Cheche aliipenda ile mashine kama mchumba.

Msimamizi alipouliza nani ana sampuli nzuri ya kishikio cha kuiga, Cheche akachomoa cha Mjomba kwenye mkoba. Alitaka sifa tu, na akazipata. Wachonga kalibu wakakipima kila kona, wakaiga mpaka kinundu, wakidhani ni cha kuzuia mkono usiteleze.

Sasa vishikio vinamwagika madukani kama mvua, tena rahisi. Kwa Mjomba, kuku anataga ndani ya tanuri.

Jana Mjomba akaja kwa Cheche na kimoja cha dukani.

"Pitisha kidole hapa chini."

"Kinundu tu, Mjomba."

"Kinundu kwako wewe. Hilo gumba langu, na kovu lake la nyundo. Limekulisha ugali hilo, leo hulijui?" Akacheka mpaka akakohoa. "Mashine wanazo, macho hawana."

Cheche akacheka naye.

"Wewe uko ndani kule, mwanangu. Nitafutie aliyewapelekea. Simgombezi. Nataka kumuuliza kwa nini hakuniambia. Ningempa kizuri zaidi, hicho walichoiga nilikimimina mkono ukitetemeka."

Afadhali angetukana. Cheche akafungua mdomo, yakatoka mengine: "Ngoja nikuwekee chai."

Akakimbilia jikoni, akashika mlango aufunge. Kishikio cha kiwandani, kipya, alichopewa kama zawadi ya mfanyakazi bora. Gumba lake likatua juu ya gumba la Mjomba.

"Kwani unamjua?" Mjomba akauliza kutoka sebuleni, kwa upole kabisa.

Chai inachemka. Mlango wa kutokea jikoni ni mmoja tu, na kishikio chake ndicho hicho. Ungekuwa wewe, ungetoka na chai tu, au ungetoka na jibu?