Siku Tisa za Riwaya ya Pili

Zilibaki siku tisa kabla ya mtihani wa fasihi pale Maisie Entwistle alipobaki nyuma darasani, wenzake wote wamekwishatoka kwenda kula. Alimwambia mwalimu wake kwamba binamu yake anayesoma mjini Preston haijui kabisa ile riwaya ya mwanamke aliyetoka gerezani. Shuleni kwao waliambiwa imeondolewa kwenye orodha ya vitabu vya mtihani.

Lorraine Hesketh alicheka kidogo. Miaka sita mfululizo alikuwa akifundisha riwaya mbili zilezile: ya askari aliyerudi kutoka vitani, na ya huyo mwanamke. Dhamira ya zote mbili ilikuwa moja, kurudi nyumbani, na swali la mtihani lilikuja kila mwaka kwa sura tofauti lakini lilikuwa lilelile: linganisha jinsi dhamira inavyokua katika riwaya zote mbili. Akamwambia Maisie aende akale, binamu yake atakuwa amechanganya mambo.

Kisha akafungua kompyuta. Orodha mpya ilikuwepo, imetumwa Oktoba ya mwaka juzi, kabla hata darasa hili halijaanza kusoma riwaya hizo. Riwaya ya askari ilikuwamo. Ya mwanamke haikuwamo. Alisoma mara tatu, kidole juu ya kioo. Oktoba ile ndipo alipomzika mumewe, Geoff. Barua za wiki tatu zilipita bila kufunguliwa, na mwalimu mwingine wa fasihi wa kumshtua hakuwepo.

Alikuwa na wanafunzi kumi na wanne. Kwa dakika kadhaa aliwaza jambo ambalo baadaye lilimtia haya: aseme kwamba orodha imebadilishwa jana. Halafu akainuka, akaenda kwa mwalimu mkuu, Bwana Garside, akamweleza bila kujitetea. Garside aliwapigia simu watu wa mitihani papo hapo. Jibu lilikuwa fupi. Atakayeandika juu ya riwaya isiyo kwenye orodha hatapata alama za riwaya hiyo. Shule inaweza kuomba kufikiriwa, ila wasiahidi watoto chochote.

Mchana ule aliwaambia wanafunzi akiwa amesimama. Callum Birtwell, aliyekuwa mwepesi wa kuelewa kuliko wote darasani, alikusanya madaftari yake akatoka, na hakuonekana tena mpaka siku ya mtihani. Maisie alibaki ameshika meza kwa mikono miwili. Chuo kikuu kilikuwa kimemwahidi nafasi ya kusomea sheria, kwa sharti la alama za juu kabisa, na kwao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo.

"Sasa tunafanyaje?" aliuliza.

"Tunasoma nyingine. Ndiyo fupi kuliko zote kwenye orodha. Ni ya mtumishi wa ndani anayerudi kijijini kwao baada ya miaka ishirini."

"Kwa siku tisa?"

"Ndiyo, kwa siku tisa."

"Wewe umeshaisoma?"

Lorraine alitamani kudanganya. "Bado."

Walihamia maktaba. Walisoma kwa zamu, kwa sauti, Jumamosi na Jumapili pia, huku wakinywa chai na kula mikate ya kuchoma kutoka jikoni mwa shule. Siku ya tano waliimaliza, lakini ulinganisho ukakataa kuja. Kwa miaka sita Lorraine alikuwa amefundisha kwamba anayerudi hufukuzwa na wa kwao. Huyu mtumishi hakufukuzwa na mtu. Walimpokea, wakampa kiti, wakamwandalia chakula. Kila alipojaribu kuisukuma riwaya hii iingie mahali pa ile ya gerezani, ilitoka upande wa pili.

Siku ya sita alisimama mbele ya ubao, chaki mkononi, akaona hana la kuandika. "Sijui," alisema. "Kusema kweli, sijui." Alikaa chini akafunika uso. Walikuwa hawajawahi kumwona hivyo.

Maisie ndiye aliyesema, polepole, kama anayejisemea mwenyewe.

"Askari anarudi ana maneno mengi. Kila sura yanapungua, mpaka mwisho haongei na mtu. Huyu mtumishi anarudi kimya, halafu kila sura anaongeza kidogo, mpaka anasema lile jambo alilolinyamazia miaka yote. Dhamira ni moja, ila huku inafifia, huku inakua."

Lorraine aliondoa mikono usoni. "Rudia," alisema, na wote wakaanza kuandika.

Walifanya mtihani. Agosti matokeo yalipotoka, wengi walikuwa wamejiokoa. Callum aliandika juu ya riwaya moja tu, akaanguka. Maisie alipungukiwa na alama tatu. Chuo kilichukua mwingine, na maombi ya shule yakarudi yamekataliwa.

Siku maombi yaliporudi Lorraine alimpelekea Garside barua ya kuacha kazi, na wiki moja baadaye akatembea hadi nyumbani kwa akina Entwistle. Donna, mama yake Maisie, alifungua mlango lakini hakumkaribisha.

"Usinipe pole, haitanisaidia kitu," alisema Donna. "Mimi nilimwambia sikiliza mwalimu, mwalimu anajua. Ni mimi niliyemwambia hivyo."

Maisie akatokea nyuma ya mama yake, macho mekundu, amevaa sare ya duka alikokwishaanza kufanya kazi. Alisema atarudia mtihani mwaka ujao. Kisha akauliza nani atamfundisha, kwa kuwa shuleni wamesema kiti cha Mwalimu Hesketh kiko wazi.

"Mimi," alisema Lorraine. "Hapa kwenu, au popote utakapotaka. Kama utanikubali."

Maisie alimtazama bila upole wowote.

"Sina mwingine," alisema. Donna akasogea kando, na Lorraine akaingia.