Mfaranga Mwenye Macho ya Kijani

Kila mwaka, siku ya mji wetu wa Mansura, huku Misri, Mitwali alimuua mdogo wake mbele ya majirani, na majirani wakapiga vigelegele. Siku hiyo televisheni haikukosa kuonyesha ile filamu ya Vita vya Msalaba, ya zamani, isiyo na rangi. Sisi watu wa Mansura tunaipenda kupita kiasi, maana mfalme wa Wafaranga, wale Wazungu waliokuja na msalaba, alitekwa hapa hapa kwetu, na nyumba alimofungwa bado ipo. Watoto wasiojua hata ukurasa mmoja wa vitabu vyao vya shule wanayajua maneno yote ya sultani. Tunaziona ndevu za gundi, tunamwona yule Mfaranga aliyesahau kuvua saa ya mkononi, tunacheka, na bado sultani akipanda farasi tunanyamaza wote. Vita ile tunashinda kila mwaka. Nyingine tulizopigana hazina desturi hiyo.

Watengeneza filamu walipokuja kutafuta watu wa kujaza majeshi yao, Mitwali na mdogo wake Rizki walikuwa vijana wa kinu cha mpunga, wakaenda pamoja na kusimama mstari mmoja. Mitwali ana macho ya kijani kama wengi wa huku, na tangu utotoni alitaniwa kwamba babu yake aliachwa nyuma na Wafaranga walipotimua mbio. Msaidizi wa mwongozaji hakuuliza hata jina.

"Wewe macho ya paka, kwa Wafaranga! Wewe mwenzake, kwa sultani!"

Basi ndugu wa tumbo moja wakagawanywa kwa rangi ya macho. Mitwali akapewa mkuki wa mbao na masharubu ya nywele za farasi. Alipomchoma Rizki, upande mmoja wa masharubu ukabanduka, na Rizki akaanguka huku anacheka. Mwongozaji alitukana mpaka sauti ikamkauka, lakini jua lilikuwa linakwisha, na picha ikabaki hivyo hivyo. Magazeti yakaandika kwamba yule askari kijana alikufa na tabasamu la shahidi.

Miaka michache baadaye Rizki alivaa sare ya kweli, akapelekwa Sinai, na vita ile ya Juni, tuliyopigwa na Israeli, haikumrudisha. Haukurudi mwili, haikurudi hata kofia. Hakuna aliyekuja kumwambia Bi Bahiya, mama yao, mwanawe alifia wapi na nani alimpiga. Waliokuwa na la kusema walikuwa wanajitetea. Kilichobaki cha Rizki anayetembea na kucheka kilikuwa ile filamu. Kila mwaka Bi Bahiya alikaa mbele kabisa, akapiga vigelegele wanawe walipotokea, kisha akamkung'uta Mitwali kofi la mgongo.

"Muuaji mkubwa we! Na masharubu yako mabovu!"

Watu walicheka, naye akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Uzee ukamjia vibaya. Alianza kusahau sufuria jikoni, akafuatia kusahau majina, na mwisho akaisahau vita ya Juni yote, kitu ambacho wengi wetu tungelipia ili tukisahau. Filamu haikumtoka. Mwaka huo mkuki ulipomwingia Rizki, Bi Bahiya hakupiga kofi la mgongo. Alipiga ukelele uliowainua majirani vitini, akageuka, akamtazama Mitwali machoni.

"Ni huyu! Huyu hapa Mfaranga aliyemuua mwanangu! Mmemwingiza nyumbani, mmemkalisha?"

"Mama, ni mimi, Mitwali. Ile ni filamu tu."

"Nimeona kwa macho yangu!"

Tangu hapo hakupokea kitu mkononi mwake, hata maji. Daktari alikwisha sema moyo wa mzee umechoka na wajiandae. Mitwali hakuwa akitaka mengi. Alikuwa mstaafu wa kinu, kifua kimejaa vumbi la pumba, na alitaka mama yake amwachie radhi kabla ya kuondoka. Mtu anaweza kukosa vyote akaishi, lakini kumzika mama bila radhi yake, hapana, hilo Mitwali hakuliweza.

Akanunua miwani ya jua, nyeusi tii.

"Baba Samia," mkewe Insafu alimwambia, "unakula maharage na miwani sebuleni kwako kama mpelelezi. Majirani watasema nimekupiga ngumi."

"Waseme."

Miwani ikafanya kazi. Bi Bahiya alimwona mgeni mwenye adabu, akamwita fundi, akala mkononi mwake, akamsimulia habari za wanawe wawili. Siku moja, Mfaranga na mwanawe wakiwa wamechanganyika kichwani mwake, alimshika mkono.

"Fundi, wewe ni mtu mzima, niambie. Mwanangu mmoja kamuua mwenzake. Mama anaweza kutoa radhi hapo?"

Mitwali aliiweka miwani sawa. "Na kama yule mwenzake hakufa, mama?"

"Asipokufa? Asipokufa nitawakumbatia wote wawili."

Neno hilo lilimkosesha Mitwali raha. Kesho yake alikwenda kwa shemeji yake kuazima deki ya video na mkanda wa filamu. Insafu alimtazama akihangaika na waya.

"Filamu hiyo hiyo iliyokufanya muuaji ndiyo unamletea tena?"

"Safari hii itakwenda kinyume."

Akamkalisha mama yake mbele ya televisheni, akaupeleka mkanda mpaka pale Rizki amelala mchangani, kisha akaurudisha nyuma huku picha inaonekana. Mkuki ukatoka kifuani. Rizki akainuka kutoka mchangani, anacheka, akasimama kwa miguu yake, masharubu ya Mfaranga yakarudi mahali pake, na maadui wawili wakaachana wakienda kinyumenyume, kila mmoja kwa watu wake.

Bi Bahiya alishika mdomo. "Amepona! Fundi, umeona? Amepona!"

Mitwali alipiga magoti, akavua miwani.

"Mama, ni mimi Mitwali. Sikumuua. Niwie radhi, mama."

Bi Bahiya alimtazama, safari hii bila woga, akampapasa shavu kama zamani. Mitwali akaanza kulia. Radhi ilikuwa mdomoni mwa mama kabisa, mtu aliweza kuiona.

"Subiri kwanza," Bi Bahiya akasema. "Mwite ndugu yako. Niwape wote pamoja. Yuko wapi?"

Bi Bahiya akageukia jikoni.

"Insafu! Weka mlenda, chinja bata. Rizki amepona, atakuja na njaa."

Insafu alichinja bata, angefanya nini? Bi Bahiya akaketi dirishani. Hakula, kwa kuwa mama hali kabla ya mwanawe anayetoka vitani. Bata akapoa, akapashwa moto, akapoa tena. Kila hatua ngazini aliinuka. Siku iliyofuata bado alikuwa pale, midomo imekauka, akiuliza kila dakika mbona hajafika, nani kamzuia, au hataki kumwona mama yake? Hilo la mwisho ndilo lililomvunja Mitwali. Alikuwa amemfufua mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kumleta.

Angemwambia nini? Sinai? Kwamba hakuna kaburi, hakuna aliyeona, hakuna wa kuulizwa? Mama amlilie nani kwa kifo kama hicho, amlaani nani? Filamu angalau ilikuwa na mkuki, na mkuki ulikuwa na mwenyewe.

Alisimama mbele ya dirisha, macho ya kijani wazi.

"Usimngoje, mama. Hatakuja. Nilimuua mimi."

Insafu aliangusha bakuli.

"Nilijua," Bi Bahiya akasema. "Nilijua tu. Radhi yangu huna, duniani wala akhera. Toka mbele yangu."

Kisha akalia, kilio kile ambacho tangu Juni ile hakuna aliyekuwa amempa ruhusa ya kukilia, akimtaja Rizki kwa jina, akimtaja kwa urefu wake na kicheko chake. Alipochoka alikubali kijiko cha mlenda mkononi mwa Insafu.

Wakati wa dawa ulipofika, Mitwali alichukua miwani yake mezani, akaivaa, akaingia na kikombe cha maji. Bi Bahiya alimsogezea nafasi kitandani.

"Fundi, amekiri. Umesikia? Kwa mdomo wake."

"Nimesikia, mama."

"Wewe mtu mwema," akasema, akinywa polepole. "Heri yake mama aliyekuzaa."

"Kunywa, mama," Mitwali akasema, akamshikia kikombe mpaka kikaisha.